Anayening'inia na anayesubiri: muvi ipi ya mapenzi inafanana na mapenzi yenyewe

Watu wengi wakiomba ushauri wa muvi ya mapenzi swali lao ni moja tu, inaishia vizuri au vibaya, kana kwamba ikiishia kwa kilio basi ndo ya kweli na ikiishia kwa harusi ni ya uongo. Mi naona hilo swali halimsaidii mtu kuchagua. Zipo za kilio ambazo ni uongo mtupu kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na zipo za furaha ambazo ukimaliza kuziangalia unamgeukia mwenzako na kumwona vizuri zaidi kuliko ulivyomwona asubuhi. Ninachoangalia mimi ni kingine kabisa: huyu mtu anayependa kwenye hii muvi, anamwangalia mwenzake, au anamlazimisha mwenzake amwangalie yeye? Ukiwa na hilo swali kichwani utashangaa muvi nyingi unazozipenda zinavyoanza kuyumba na nyingine ulizoziacha nusu zinavyopanda.

Nimezipanga mbilimbili, kwasababu muvi moja ukiitazama peke yake, na muziki wake na mvua yake na sura nzuri za mastaa, inakubeba tu unakubali kila kitu, ila ukiiweka pembeni ya nyingine inayogusa jambo lilelile unaona wapi imekwepa. Nitataja matukio ya ndani ikiwemo ya mwisho, kwahiyo kama hupendi kuharibiwa stori ruka kipande husika.

Ryan Gosling juu ya bembea, Ryan Gosling juu ya daraja

Hizi mbili ndo zinaonyesha wazi kabisa ninachosema. The Notebook ya 2004 iliyoongozwa na Nick Cassavetes, na Blue Valentine ya 2010 ya Derek Cianfrance. Staa wa kiume ni yuleyule Ryan Gosling, na kwenye zote mbili kuna mahali anapanda juu na kuhatarisha maisha yake ili mwanamke aseme kile anachotaka kukisikia.

Kwenye The Notebook, Noah kamuona Allie kwa mara ya kwanza, kamuomba, mdada kakataa. Jamaa anarukia lile bembea kubwa la mduara linalozunguka juu angani, anajipenyeza kwenye kiti ambacho Allie amekaa na mwanaume mwingine, na anapoambiwa haruhusiwi kukaa hapo ananing'inia kwenye bomba kwa mikono yake, anamuuliza utatoka na mimi au hutoki, Allie anakataa tena, jamaa anaachia mkono mmoja. Allie anasema ndiyo, na sijui angejibu nini kingine mtu yupo angani anakaribia kudondoka mbele yake. Ukweli lazima nimpe Allie haki yake, akishakubali anamlipizia palepale, anamfungua mkanda na kumshusha suruali mbele ya watu wote huku bado ananing'inia, na kwangu hicho ndo kitu cha kweli kuliko vyote kwenye kipande hicho maana kwa sekunde chache yule mdada ana akili yake na hasira yake mwenyewe. Lakini muvi yenyewe inalibeba tukio zima kama ushahidi kwamba huyu mwanaume anapenda kwelikweli, na hairudi tena kujiuliza.

Sasa njoo Blue Valentine. Dean na Cindy wapo darajani, Cindy ana jambo linamsumbua moyoni hataki kulisema, Dean anambana aseme, akiona hasemi anapanda uzio wa daraja, sema au naruka. Cindy anasema, ana mimba. Kitendo ni kilekile na anayekifanya ni mtu yuleyule. Ila Cianfrance anaendelea na stori, anatupeleka miaka kadhaa mbele kwenye ndoa yao, na Dean wa darajani ndo huyohuyo unayemuona anaingia kazini kwa mke wake kwenye zahanati, kalewa, anafanya fujo mpaka ajibiwe. Hajabadilika hata kidogo, tabia ni ileile ya nijibu sasa hivi la sivyo litatokea jambo, na Cindy ambaye zamani ilimgusa sasa imemchosha hadi usoni unaona.

Alafu kinachoniuma zaidi ni kwamba Dean sio mtu mbaya. Anampenda mtoto, anampenda mke, ndoto yake yote ni kuwa mume na baba, na kazi yake ya kupaka rangi nyumba inamtosha. Cindy anatamani amuone akitaka kitu kingine zaidi maishani na Dean haelewi kabisa anaulizwa nini. Hamna mchepuko wa kulaumu, hamna mama mkwe aliyeficha barua. Hiyo ndo namna ndoa nyingi zinavyochoka, na ni muvi chache sana zina ujasiri wa kuionyesha bila kumtafuta mhalifu.

Namna walivyoitengeneza inasaidia kuelewa kwanini inauma hivyo. Vipande vya ujana walivipiga kwanza kwa mkanda wa filamu, vya ndoa wakavipiga kwa kamera ya dijitali, na katikati Gosling na Michelle Williams walikaa nyumba moja karibu mwezi mzima wakiishi kama familia, wanapika, wanafanya manunuzi, wanagombana. Ukiwaona jikoni asubuhi wanavyopishana bila kugusana unajua kabisa hawa wanafahamiana mpaka mahali kijiko kinapokaa.

Kwahiyo uchague ipi? Kama unataka kulia na kutulia, The Notebook itakupa hivyo vyote na hamna dhambi. Kama unataka kuelewa kwanini watu waliopendana sana walishindwana, ni Blue Valentine, ila tafadhali usiiwashe siku ambayo wewe na mwenzako mmetoka kununiana, nakuomba kwa dhati kabisa.

Treni mbili za 1995

Mwaka mmoja, muvi mbili, na kwenye zote wapenzi wanakutana kwenye treni ndani ya Ulaya. Before Sunrise ya Richard Linklater, na Dilwale Dulhania Le Jayenge ya Aditya Chopra, ile ya Shah Rukh Khan na Kajol ambayo jumba la sinema la Maratha Mandir kule Mumbai liliendelea kuionyesha kwa zaidi ya miaka 20. Mtu akiniambia Wahindi wanadanganya na Wazungu wanasema kweli namuomba aziangalie hizi mbili usiku mmoja kisha tuongee.

Before Sunrise haina stori ukiangalia kwa juujuu. Wanandoa wanagombana kwenye treni kwa Kijerumani, dada mmoja Mfaransa anayesoma kitabu anahama kiti ili akwepe kelele, anakaa karibu na jamaa wa Kimarekani, wanaanza kuongea. Jesse na Céline wanashuka Vienna, wanatembea mpaka asubuhi, basi. Linklater alisema wazo lilitoka kwenye usiku wake mwenyewe mwaka 1989, alipotembea na kuongea na mdada aliyekutana naye Philadelphia, na unaona kabisa kwamba huyu mtu anakumbuka jinsi usiku wa namna hiyo unavyokuwa.

Kipande ninachotaka ukiangalie vizuri ni cha duka la sahani za muziki. Wanaingia kwenye kile chumba kidogo cha kusikilizia, wamebanana, wimbo unapiga, hakuna anayeongea. Yeye akimtazama yule anaangalia juu, yule akimgeukia huyu anaangalia pembeni, wanapishana macho hivyo wimbo mzima, kila mmoja anajua mwenzake alikuwa anamuangalia na kila mmoja anajifanya hajui. Kamera haisogei. Hakuna aliyemkumbatia mtu, hakuna aliyemuahidi mtu, lakini kama umeshawahi kukaa karibu na mtu unayemtaka na hujui kama na yeye anakutaka, huo mwili mzima unaokakamaa shingoni unaujua.

Dilwale inafanya kinyume, kila kitu ni kikubwa, nyimbo, mashamba ya maua ya njano, ngumi. Na ina kosa ambalo siwezi kulipitia kimya: Raj anamtania Simran kwamba wamelala pamoja usiku alipokuwa amelewa, mpaka mtoto wa watu analia kwa hofu, ndipo anamwambia alikuwa anatania. Huo sio utani, hata kama baadae anamuapia kwamba anajua heshima yake ina thamani gani. Lakini sasa subiri wafike India kwenye maandalizi ya harusi. Simran anamwambia Raj tutoroke. Mama yake Simran mwenyewe, aliyemeza ndoto zake maisha yake yote, anawaletea vito vyake na kuwaambia kimbieni. Na Raj anakataa. Anasema hatamchukua mpaka baba amkabidhi. Mwanzo unaweza kuona ni ujinga, nafasi hiyo hapo chukua uende, lakini fikiria ni watu wangapi duniani mapenzi yao yapo hivyohivyo, mpenzi mmoja anakuja na baba na mama na shangazi na historia nzima ya ukoo, na kumpenda yeye ni kukubali kwamba hao wote ni sehemu yake na ukimkata nao unamkata kipande. Muvi nyingi za kimagharibi hata hazijui kama hilo ni suala.

Na kuna kidogo kingine humohumo kwenye muvi yenye makelele yote hayo. Siku ya mfungo wa wanawake, Simran anatakiwa afungue kwa maji ya mkono wa mchumba asiyemtaka, anajifanya amezimia ili Raj ndo amnyweshe. Usiku juu ya paa Raj anamlisha, na hapo ndo Simran anagundua kwamba na yeye hajala kutwa nzima. Hakumtangazia mtu, alishinda na njaa yake kimya. Ukiweka hicho pembeni ya lile bembea la The Notebook utaelewa ninapopaona mapenzi.

Uchaguzi wangu hapa unategemea nani unaangalia naye. Mpenzi mpya ambaye bado mnajuana, Before Sunrise, maana baada yake mtaongea mpaka usiku wa manane, ni lazima. Ukiwa na mama, wadogo zako, au mtu ambaye penzi lake limepita kwenye vikao vya familia, Dilwale.

Kuhudumiana uzeeni

Narudi The Notebook kwasababu nusu yake nyingine ni ya wazee, James Garner anamsomea Gena Rowlands daftari la stori yao kwenye nyumba ya kulelea wazee, mama ana ugonjwa wa kusahau, hamtambui. Gena Rowlands ni mama mzazi wa mwongozaji, na ule uso wake anapozinduka dakika chache alafu anampotea tena mume wake na kuogopa, anapiga kelele huyu ni nani, ni uigizaji wa hali ya juu na ni kweli kabisa. Hapo hamna uongo. Uongo unakuja mwishoni kabisa, wanalala kitanda kimoja wameshikana mikono na asubuhi wote wawili wameshafariki. Wote tunatamani iwe hivyo. Mtu aliyemuuguza mzazi au mwenzi kwa miaka anajua haiwi hivyo, mmoja anatangulia na mwingine anabaki.

Pembeni yake weka Amour ya 2012 ya Michael Haneke, iliyochukua tuzo kuu ya Cannes na baadae Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni. Georges na Anne, walimu wa muziki waliostaafu, Jean-Louis Trintignant na Emmanuelle Riva, karibu muvi yote ipo ndani ya nyumba yao tu. Ugonjwa unaanza mezani wakati wa kifungua kinywa. Wanaongea, Anne ananyamaza. Hajibu, macho yapo wazi hayaangalii kitu. Georges anamuita, anafungua bomba analowesha kitambaa, anamfuta usoni na shingoni, hamna jibu, anaenda chumbani kuvaa ili atafute msaada na bomba ameliacha linamwagika. Sisi tunalisikia lile bomba. Alafu linanyamaza. Anarudi jikoni anamkuta mke wake kalifunga, na mke anamlaumu kwanini aliacha maji wazi, hakumbuki kitu. Hamna muziki hata kidogo, ni sauti ya maji tu, na bado sijaona muvi iliyoonyesha vizuri kuliko hapo ile sekunde maisha ya watu wawili yanapogeuka huku chai ipo mezani.

Baada ya hapo ni kuhudumia. Anne amepooza upande mmoja, Georges ni mzee na yeye, anamnyanyua kutoka kwenye kiti cha magurudumu kwa kumkumbatia kifuani na kuzungusha miguu hatua kwa hatua, wamekumbatiana vile kwasababu hamna namna nyingine ya kumhamisha. Anne anamfanya aahidi hatamrudisha hospitali tena. Anakataa kusimamiwa kila dakika kama mtoto. Kuna muuguzi anamchana nywele kwa nguvu na kumshikia kioo ajitazame, Georges anamfukuza. Na Georges anachoka, anakasirika, kuna mahali anafanya kitu kwa hasira ambacho ukikiona utashtuka na kisha utamwelewa. Kupenda mgonjwa kuna hasira ndani yake na muvi karibu zote zinaificha, wanatuletea mhudumu malaika asiyepiga hata miayo.

Hapa siwezi kusema bora hii kuliko ile kwa kila mtu. Kama uko katikati ya kuuguza mtu sasa hivi, The Notebook itakupa kupumua na unastahili kupumua. Amour iangalie kama ulishapitia na unataka mtu mmoja duniani akuambie kwamba na yeye aliona, au kama wewe ni kijana unayesema nitakupenda mpaka uzee bila kujua unaahidi kazi gani.

Yule aliyebaki nyumbani

Kuna aina ya stori watu wanaipenda sana, mtu ameolewa au ameoa, anatokea mwingine, moyo unaenda. Muvi za hovyo zinatatua kirahisi kwa kumfanya mume wa nyumbani awe mkatili au boya ili tusimhurumie. Brief Encounter ya David Lean, 1945, na Past Lives ya Celine Song, 2023, zimepishana miaka 78 na zote zimekataa njia hiyo rahisi.

Laura kwenye Brief Encounter ameolewa, ana watoto, anakutana na daktari anaitwa Alec stesheni ya treni kwasababu jicho lake limeingia vumbi na yeye anamtoa. Wanaonana kila Alhamisi, wanapendana, wanaamua kuachana. Dakika zao za mwisho pamoja wapo kwenye mgahawa wa stesheni, na hapo ndipo anaingia mama mmoja anayemjua Laura, anakaa mezani kwao na kuongea bila kituo. Hawawezi kuagana. Treni ya Alec inaitwa, anasimama, anamwekea Laura mkono begani anaubana kidogo, anaondoka. Hayo ndo maagano ya mapenzi yao yote. Nimeona muvi ambapo watu wanaagana kwa dakika kumi chini ya mvua na hakuna iliyonifinya kifua kama huo mkono, maana maisha yapo hivyo, siku ngumu kuliko zote inakukuta na mtu pembeni anakusimulia mambo ya manunuzi yake.

Past Lives, Nora alihama Korea akiwa mtoto, rafiki yake wa utotoni Hae Sung wanatafutana kwenye mtandao baada ya miaka 12, wanapoteana, na baada ya mingine 12 jamaa anakuja New York kumuona. Nora ameshaolewa na Arthur. Arthur anajua kila kitu, anasema wazi kwamba kwenye hii stori yeye ndo angekuwa mume mbaya anayezuia mapenzi ya kweli. Anamwambia mke wake kwamba usingizini anaongea Kikorea tu, na kwamba kuna mahali ndani yake yeye hawezi kufika, kwahiyo anajifunza hiyo lugha. Hamlazimishi achague, hapandi mahali popote juu. Mwisho Nora anamsindikiza Hae Sung kusubiri gari, wanasimama wanatazamana kimya mpaka gari lifike, hawabusiani, gari linaondoka, Nora anatembea kurudi na Arthur yupo kwenye ngazi nje anamsubiri, na Nora anamlilia yeye begani. Mume anamshika mke wake anayemlilia mwanaume mwingine na hamuulizi kitu.

Kwenye Brief Encounter pia Laura anarudi kwa mume wake Fred, mtu wa kujaza chemshabongo za gazeti tu, unadhani haoni kitu, na mwisho Fred anamwambia kwamba alikuwa ameenda mbali sana na anamshukuru kwa kurudi. Kumbe alikuwa anaona muda wote.

Kati ya hizi mbili, anza na Past Lives kama hujazoea muvi za zamani, kasi yake ni ya leo na mengi utayatambua, kumtafuta mtu wa zamani mtandaoni na simu za video zinazoganda. Brief Encounter ni nyeusi na nyeupe na wanaongea Kiingereza cha enzi zile cha kunyooka sana, mwanzo itakuweka mbali, vumilia nusu saa ya kwanza. Ukizipenda zote ongezea In the Mood for Love ya Wong Kar-wai ya 2000, ambapo majirani wawili wanagundua wenzi wao wanachepuka pamoja, na hao waliosaliti hatuonyeshwi hata sura zao, tunabaki na wale wawili walioachwa wanafanya mazoezi ya jinsi watakavyowauliza wenzi wao, na mwanamke anajikuta analia kwelikweli kwenye mazoezi.

Ugomvi

Mtafiti wa ndoa John Gottman, aliyechunguza wanandoa kwa miongo kadhaa, anataja tabia nne zinazobomoa ndoa: kumshambulia mtu utu wake, dharau, kujitetea kila saa, na kujifunga kimya, na katika zote dharau ndo anaiweka juu. Ukiwa na hizo nne kichwani kaangalie kile kipande cha hoteli kwenye Before Midnight ya 2013. Ni Jesse na Céline walewale wa Vienna, sasa wana mapacha, wapo Ugiriki, marafiki wamewalipia chumba wakapumzike bila watoto. Wanaanza kuvuana nguo, simu ya mtoto wa Jesse wa ndoa ya kwanza inaingia, na kutoka hapo jambo dogo linavuta lingine, nani ameacha kazi kwa ajili ya nani, nani anafua, nani alikubali kuhama, mpaka wanafika kwenye swali kama bado wanapendana. Céline anatoka anabamiza mlango, anarudi, anatoka tena. Katikati ya matusi wanachekeshana kwa sekunde tano na kurudi vitani. Mtu aliyekaa na mwenzake miaka anaujua huo ugomvi neno kwa neno, maana unaruka kutoka hoja hadi hoja na kila mmoja anashinda kipande na hakuna anayeshinda wote.

Marriage Story ya Noah Baumbach, 2019, ugomvi wake ndo maarufu zaidi, Charlie anamwambia Nicole maneno ya kumtakia kifo na kisha anaanguka magoti analia. Ni uigizaji mkubwa ila kwangu umepangwa sana, unahisi ni jukwaa. Ninachokipenda mimi kwenye hiyo muvi ni kipande cha ofisini, wapo na mawakili wanajadili talaka, chakula cha mchana kinaagizwa, Charlie anashika menyu ameganda hajui achague nini, na Nicole anaichukua na kumwagizia. Anajua anachokula. Wanaachana na bado anajua. Na mwishoni anamfunga kamba ya kiatu. Kama mmetoka kugombana na mnataka kucheka na kuelewana angalieni Before Midnight pamoja, kama umeachwa au umeacha iangalie Marriage Story peke yako.

Harry anavunja sheria yangu

Nimesema sana dhidi ya vitendo vikubwa, kwahiyo lazima niongelee When Harry Met Sally ya 1989, maana mwisho wake ni jamaa anakimbia barabarani usiku wa mwaka mpya kwenda kumtamkia mdada mbele ya ukumbi mzima. Kwa kipimo changu ilitakiwa ianguke na haianguki, kwasababu sikiliza anachosema. Anamtajia kwamba anampenda anavyosikia baridi wakati nje kuna joto, anavyochukua saa nzima na nusu kuagiza mkate, na kale kakunyanzi kanakotokea juu ya pua anapomtazama kama kichaa. Hayo hayatungwi njiani ukiwa unakimbia, hayo ni ya mtu aliyemjua mwenzake kwa miaka 12 na kumwangalia, na muvi ilishatuonyesha tangu mwanzo Sally anavyowatesa wahudumu wa mgahawa. Mwongozaji Rob Reiner alikuwa amepanga wasiishie pamoja, akaubadili mwisho baada ya yeye mwenyewe, wakati wanatengeneza hiyo muvi, kukutana na mwanamke ambaye baadae alimuoa. Hata wale wazee wanaohojiwa katikati kuhusu walivyokutana ni waigizaji, ila stori wanazosimulia zilikusanywa kwa watu wa kweli.

Titanic ya 1997 nayo wananiuliza sana. Sina ugomvi nayo, ule moto wa siku chache ni moto wa kweli na kila mtu aliyepata miaka 17 anaujua, ila Jack na Rose hawakupata nafasi ya kujuana wakiwa na homa, na deni, na siku mbaya kazini. Ichague kwa ajili ya moto huo na meli, zaidi ya hapo haina cha kukuambia.

Ukiniuliza uanze na ipi wikiendi hii, kwa mtu ambaye hajaona hata moja ningesema anza na When Harry Met Sally, inachekesha na haichoshi, wiki inayofuata Past Lives. Zile tatu za Linklater usizimalize siku moja hata kama zinakuvuta, zilitoka 1995, 2004 na 2013, miaka tisa tisa, na waigizaji walizeeka kwelikweli katikati, kwahiyo zipe nafasi hata wiki mbili tatu kati ya moja na nyingine. Hiyo ya pili, Before Sunset, ina dakika 80 tu na muda wake ndani ya stori unaenda karibu sawa na saa yako ya ukutani, Jesse ana ndege ya kuwahi na unajikuta na wewe unaangalia saa. Amour iache mwisho wa orodha, na iangalie mchana.